Sweta la Kompyuta

Mwanangu Lusajo,

Kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu Iringa. Sikuulizi kama hujambo, maana nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sahani mbili za ugali kisha ukaulizia mboga iliyobaki. Sasa umetoka kwenda kumuaga babu yako kabla ya safari ya chuo, na ninavyomjua mzee yule, hatakuachia mapema. Baba yako yuko Ruaha Mbuyuni anapakia vitunguu, amesema kesho atakupokea stendi ya Iringa kabla hajageuza kurudi huku. Nyumba iko kimya, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika. Barua hii nitaiweka juu ya kibodi, kwa sababu najua huwezi kuondoka bila kupita pale.

Sitakuandikia habari za kula, wala za marafiki, wala za ulanzi. Ulanzi, pombe ile ya mianzi, mimi nimekua nao, naujua kuliko wewe, na sijawahi kuona barua iliyomzuia mtu asiunywe. Nataka kukuandikia kuhusu kompyuta. Usicheke kwanza.

Siku kadhaa zilizopita nilipokuwa nafua nguo zako za safari, nilikuta kitu kwenye mfuko wa suruali yako ya kahawia. Manyoya ya uzi wa kijani, yamegandamana na vumbi mpaka yamekuwa kama kijimkeka, yamepinda duara. Mimi nimefuma masweta ya shule tangu hujazaliwa, na uzi wangu naujua hata ukiokotwa jalalani. Nikajua yametoka wapi na nani aliyeyaficha. Tangu hapo nimechanganyikiwa. Nilikasirika, nikacheka peke yangu kwenye beseni, nikakasirika tena, na hata sasa ninapoandika sijui nimefikia wapi.

Ngoja nianze mwanzo, labda nikiandika nitaelewa.

Unakumbuka mjomba wako alivyoleta ile kompyuta, ofisini kwao walipobadilisha za kwao. Ulikuwa darasa la nne. Baba yako alisema tunapewa mzigo wa chuma, mimi nikasema acha mtoto ajifunze. Siku zile nilikuwa nikibonyeza, sijavuta kiti, imeshawaka. Wewe ndiye uliyenionyesha vile viboksi, ukaniambia kila kiboksi kiwe kitanzi kimoja cha uzi, nipake rangi nione nembo ya shule itakavyokaa kifuani kabla sijaanza kufuma. Mtoto wa darasa la nne! Nilitangaza habari hiyo kanisani mpaka watu wakachoka.

Kisha ikaanza kuwa nzito. Sijui ilianza siku gani. Nakumbuka tu kwamba ilifika wakati nabonyeza, naenda kulisha kuku, narudi, na kile kiduara bado kinazunguka. Nikifungua viboksi vyangu inaganda, mshale hausogei, na ndani ya lile boksi kunavuma kama mtu anayekoka moto. Nikawa najiuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka: kitu kisicholima, kisichozaa, kisichopanda mlima, kinachoka kwa kazi gani?

Nilimuuliza fundi wa pale stendi. Akaangalia dakika moja, akasema, "Mama, hii ina virusi. Niachie." Ikarudi na walinzi wawili wa kuzuia virusi ndani yake, na ikawa nzito kuliko ilivyokwenda. Nikamuuliza baba yako. Ulikuwa msimu wa baridi, pikapu ilikuwa imegoma kuwaka, yeye amejifunga blanketi, amekunja uso.

"Mama Lusajo, si baridi hii? Gari lenyewe asubuhi linawaka kwa kusukumwa. Hata mimi siwaki mpaka ninywe chai."

Na mwanangu, naomba unielewe, jambo hilo liliniingia akilini moja kwa moja. Mashine yangu ya kufumia, asubuhi ya mwezi wa saba hapa Mbalizi, mafuta yanakuwa mazito, mkono wake hauendi mpaka niiweke karibu na jiko. Gari ni hivyo hivyo. Mafuta ya kula yenyewe yanaganda kwenye chupa. Kwa nini kompyuta iwe tofauti? Nikaona nimepata jibu ambalo fundi mzima amelikosa. Nikakusanya uzi wa kijani uliobaki kwenye oda za shule, nikaifumia sweta.

Halikuwa sweta la mchezo. Nililipima kama ninavyompima mtoto. Nikaacha matundu ya waya nyuma, nikaweka vifungo ubavuni, nikalimaliza kwa ukingo mnene ili vumbi la malori ya barabara kuu lisipenye. Jirani yetu Mama Atupele alipoliona akaniagizia la redio yake. Baba yako akasema sasa nimfumie na mbuzi suruali. Na wewe, uliyekuwa umeingia sekondari na kujiona unajua kila kitu, ulisimama ukaliangalia, ukasema, "Limetoka vizuri, Mama." Hukusema neno jingine.

Ikawa nzito zaidi. Nikasema baridi ya mwaka huu ni kali.

Sasa nakumbuka mambo ambayo wakati ule niliyapita tu. Kuna jioni uliniambia, unaangalia ukutani, "Mama, unajua kompyuta ikipata joto sana, yenyewe inajipunguza mwendo? Inajiokoa isiungue."

Nikakujibu, "Basi tumshukuru Mungu tunakaa Mbeya."

Ukasema, "Ndiyo, Mama."

Ndiyo Mama! Lusajo, ulikuwa na maneno hayo mdomoni, na yangeweza kuniokoa, ukayameza.

Kuna siku nyingine niliona kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, na vyote vya chini vimefuata makosa hayo. Mtu anayefunga vifungo kila siku anaona jambo kama hilo kabla hajaingia mlangoni. Nikauliza nani ameivua sweta. Ukasema ulikuwa unafuta vumbi. Nikakusifia kwa Mama Atupele kwamba mwanangu ni msafi. Kumbe kila ulipokaa kufanya kazi zako ulikuwa unaivua, na uliposikia miguu yangu unaivisha. Miaka yote hiyo umekuwa unaivua na kuivisha, na mimi niko chumba cha pili nafuma.

Halafu ukaja mwaka huu, ukiwa unasubiri chuo, ukakaa na mimi kunielewesha. Hapo nakupa haki yako, ulikuwa na subira. Ulisema mashine haijazeeka kama nguo inavyochakaa, sehemu kubwa iko vilevile kama ilivyotoka ofisini kwa mjomba. Mzigo ndio umeongezeka. Kila programu inayokuja mpya imetengenezwa na watu wenye mashine mpya, na hawajui kwamba kuna mwanamke Mbalizi bado anatumia ya zamani. Kila apdeti inakuja na matumbo yake. Diski nayo imejaa, na ni ya kuzunguka kama sahani ya santuri, kwa hiyo ikitafuta kitu lazima izunguke huku na kule. Nikakuuliza kwa nini basi zamani ilikimbia.

"Zamani ulikuwa unaiomba nini, Mama? Viboksi tu. Sasa hivi unafungua viboksi, kwaya, picha za harusi, na kuna wengine kumi huwaoni wameamka nayo."

Ukanionyesha hao wanaoamka nayo. Nilishangaa. Nikibonyeza tu, kabla sijagusa kitu, wote wanaamka na kuomba kula. Yule mwalimu wa kuchapa uliyemweka ulipokuwa darasa la tano. Mchezo wa magari wa kidato cha pili. Kipiga nyimbo cha kwaya. Wale walinzi wawili wa fundi, ambao ulisema wanachunguzana wao kwa wao kutwa nzima. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaribisha wageni miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyeonyeshwa jembe.

Ukaanza kuwatoa. "Huyu nimtoe?" Toa. "Na huyu?" Toa. Ukafika kwa mwalimu wa kuchapa. Nikakuona uko darasa la tano, miguu haifiki chini, unatafuta herufi kwa kidole kimoja na ulimi umetoka nje. Nikasema huyo mwache.

"Mama, hatumhitaji."

"Nimesema mwache."

Ukamwacha. Ukasema dawa kamili ni kupiga windo upya, tuhifadhi picha na viboksi kwenye flashi, tufute vyote vilivyobaki, ianze kama mtoto mchanga. Nikakataa, na sikukupa sababu. Sababu sikuwa nayo. Nilikuwa na woga tu, kwamba kitu kikianza upya ndani ya nyumba hii, na wewe unaondoka, mimi nitabaki na nini kinachonijua? Ni ujinga, najua. Lakini ndivyo nilivyohisi, na wewe hukunibishia. Ulisema tena lile neno lako. Ndiyo, Mama.

Wiki iliyopita ukaitoa uani, ukafungua kwa bisibisi, ukaipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli ya baba yako. Nilikuwa naanika maharage. Nikaona umenipa mgongo ghafla, umechomoa kitu kwenye feni, mkono ukaingia mfukoni. Nilidhani ni skrubu. Ukairudisha ndani, ukaivisha sweta, ukafunga vifungo, na safari hii hukukosea hata kimoja.

Nilipopata kile kijimkeka mfukoni, sikusema. Nilisubiri ulipokwenda Mbeya mjini kufuatilia karatasi zako, nikaivua sweta mwenyewe, nikakaa nayo mpaka mchana ikiwa tupu. Haikuvuma. Sikudanganyi, haikukimbia kama zamani, maana wageni na apdeti na hiyo sahani inayozunguka bado vipo. Lakini haikuganda hata mara moja. Ilikuwa nzito lakini inapumua. Nikaweka mkono ubavuni mwake nikasikia joto linatoka kwenye vile vitundu, vitundu vilevile nilivyovizuia kwa ukingo mnene.

Nikakaa pale nikiwa na maswali ambayo fundi hana. Kwa nini hukuniambia? Uliniogopa? Mimi nina ulimi mkali, hilo nakubali, baba yako ni shahidi. Au ulinionea huruma? Kati ya kuogopwa na mwanangu na kuonewa huruma na mwanangu, sijui kipi kinauma zaidi. Kuna wakati nasema huyu mtoto ana upendo mkubwa, amebeba usumbufu miaka yote ili mama yake asione aibu. Dakika ileile nasema huyu mtoto ni mwongo, na mwongo mzuri, asiyekosea vifungo. Nimegeuza geuza na bado sipati upande wa kulala.

Kisha nikakumbuka aliyekufundisha.

Hili sijawahi kukuambia, na baba yako hapendi tulitaje. Nilipoolewa kutoka Iringa kuja hapa, nilikuja na mimba mwaka uleule. Msimu wa baridi ukaingia, na mimba ikatoka. Nililala kitandani siku nyingi, sina ndugu karibu, Kinyakyusa cha wakwe zangu sikielewi, wananiambia maneno ya kunifariji na mimi nadhani wananigombeza. Halafu nikamwandikia mama yangu barua. Nikaandika kama tunavyoandika wote: sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Sikutaka kumuumiza. Nilijiona mtoto mwema sana.

Bibi yako akaendelea kuwasimulia akina mama wa kanisani kwamba anasubiri mjukuu. Alinunua hata shuka la kumbebea. Aliyekuja kumwambia ukweli ni mama mmoja asiyemjua vizuri, kwenye harusi, mbele ya watu, sahani iko mkononi. Kesho yake akapanda basi. Alifika hapa na kuku mmoja na lile shuka, akakaa, akakataa hata maji.

"Umeniacha nacheka mbele za watu," akaniambia, "na wewe unalia peke yako. Nani alikwambia mimi nataka kucheka?"

Alikaa nasi mwezi mzima, akanikanda, akanipikia, akalala na mimi kitanda kimoja, na baba yako akalala kwenye kochi. Lakini hakuacha kuniangalia kwa wasiwasi mpaka anakufa. Kila nilipomwandikia kwamba sisi ni wazima, alikuwa akimtafuta mtu wa kuja kuhakikisha. Niliharibu neno hilo, Lusajo. Hata nilipokuwa mzima kweli, hakuniamini tena.

Sasa unakwenda kwao, Iringa, na mimi ndiye ninayebaki kusubiri simu. Na simu zako nazijua hata kabla hujapiga. Utaniambia uko sawa. Utafeli somo, utaniambia uko sawa. Utaumwa, utaibiwa, utampenda msichana akuvunje moyo, na mimi nitauliza, nawe utasema, "Niko poa, Mama," huku unafunga vifungo. Nitakusifia kwa Mama Atupele. Hicho ndicho kinachonitisha. Mji mwenyewe siuogopi, wala chuo. Naogopa utakuwa hodari sana wa kunitunza, mpaka nisikujue tena.

Sijui nikuombe nini hasa. Nikisema niambie kila kitu, nitakuwa nakudanganya, maana kuna mambo sitaki kuyasikia na wewe unajua. Nikisema usiniambie, narudi palepale. Labda nikuombe hiki kimoja: ukiona ninachokupa kwa upendo kinakuziba pumzi, niambie kabla feni haijajaa manyoya. Nitapiga kelele. Nitanuna, labda siku mbili. Kisha nitakivua. Mimi si mama wa kushindwa kufumua kitu nilichofuma mwenyewe, hiyo ni kazi yangu ya kila siku.

Na nimeanza. Umeona tangu juzi kompyuta iko tupu na hukuuliza; haitavikwa tena. Ukipata muda asubuhi kabla ya basi, hifadhi picha na viboksi vyangu kwenye flashi, uandike kwenye karatasi jinsi ya kupiga windo, nitampa fundi, na nitamkalia hapohapo mpaka amalize asiniwekee tena walinzi wawili. Mwalimu wa kuchapa naye aende. Wewe umeshajua kuchapa.

Lile sweta la kijani nimelifumua lote. Uzi wake haukuwa mbaya, niliuosha, nikauchanganya na ule mweusi, nikakufumia la kwako. Iringa ina baridi, mimi nimezaliwa kule, lakini najua pia kwamba vijana wa sasa wana majaketi yao na hawataki kuonekana na sweta la mama. Safari zote nilizowahi kukufungia, nguo nilizipanga mimi na wewe ukabeba. Safari hii sweta sikuliweka ndani ya begi. Liko juu ya kiti cha karibu na mlango.

Asubuhi nitakuwa jikoni nachemsha chai. Pita pale kwenye kiti ulijaribu, kisha njoo uniambie kwa mdomo wako. Ukisema linakubana, au rangi huipendi, au utaona aibu nalo, sema hivyohivyo. Ukiliacha, nitalia kidogo, nitakumiminia chai, nitakusindikiza mpaka stendi. Ila ukilichukua bila kulitaka, ukalivaa mpaka basi lipite kona ile ambayo sikuoni, hapo ndipo utakuwa umeniacha kweli.

Mama yako